Kisicho na Laini

Nilikaa mahakamani miaka thelathini na moja, na si kama hakimu. Nilikuwa karani. Kazi yangu ilikuwa kuandika walichosema wengine, kupanga majalada, na kuhakikisha hakuna karatasi inayopotea. Nimeandika kesi za mipaka, za mbuzi, za mifereji ya maji, na kesi moja ya mparachichi ulioinamia kwa jirani ambayo iliendelea mpaka mparachichi wenyewe ukakauka. Sisi Wapare tunapenda kesi. Watu wanalisema hilo na sina haja ya kulipinga. Ila sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaandika kwa mkono wangu shauri ambalo mlalamikiwa ni mimi, mlalamikaji ni binti yangu wa pekee, na kielelezo kiko kwenye mfuko wa shati langu.

Shauri lenyewe lilihusu simu, au niseme kitu nilichokichagua badala ya simu.

Nilipostaafu nilibaki kwenye nyumba yetu ya Same mjini, upande wa juu wa barabara kuu, mahali ambapo upepo wa tambarare ukianza mchana unaingiza vumbi mpaka kwenye sukari. Mpango wetu, mke wangu na mimi, ulikuwa turudi Suji, kijijini kwetu milimani, tulime maharage na kugombania zamu ya mfereji kama watu wengine. Mke wangu akafariki kabla hatujafungasha. Tulimzika huko juu kwenye migomba yetu, nami nikateremka baada ya wiki moja nikisema naenda kufunga nyumba. Sikuifunga. Niliogopa kufungua mlango kila asubuhi na kuliona lile kaburi, huo ndio ukweli.

Wakati wa ugonjwa wake na wakati wa msiba simu yangu haikupumzika. Nilikuwa naichaji mara mbili kwa siku. Baada ya arobaini ikanyamaza. Simlaumu mtu, kila mmoja ana mambo yake, lakini hakuna aliyenionya kwamba simu inaweza kunyamaza namna ile. Zilibaki jumbe za bahati nasibu, za kunikumbusha kwamba bando langu limekwisha, na zile za matapeli wanaokuambia ile hela uitume kwenye namba hii.

Mmoja wao alipiga kabisa. Alijifanya mpangaji wangu wa zamani, nami sijawahi kuwa na mpangaji. Nilimjua tangu neno la kwanza, kwa maana nimelipwa mshahara miaka yote ile kwa kusikiliza waongo. Lakini alinipa shikamoo kwa sauti ya adabu, nikaitikia marahaba, nikamuuliza anaongea kutoka wapi, na mvua zikoje huko, na mama yake hajambo? Akajibu yote. Mama yake alikuwa na presha. Nikamwambia ampunguzie chumvi, na asimruhusu kuacha dawa eti kwa sababu anajisikia vizuri. Tuliongea karibu robo saa mpaka mwenyewe akachoka, akaniaga vizuri bila hata kuitaja ile hela. Siku mbili tatu zilizofuata nikajikuta nangoja apige tena, na hapo nikaona nimefika pabaya.

Binti yangu ni muuguzi, yuko Mbeya. Baada ya msiba alikuwa akipiga kila jioni. Halafu ikawa Jumapili kwa Jumapili. Halafu nikawa nahesabu napata wiki tatu bila kusikia sauti yake. Nilijiambia ana zamu, muuguzi ana zamu. Lakini zamu nazijua, hata zile ndefu zina mwisho. Mimi mwenyewe nilikuwa sipigi. Nilisema sitaki kumsumbua kazini, na kiburi nacho kilikuwamo: mtoto ndiye anayemtafuta baba, ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo nilikaa nikaitazama simu, na iliniuma.

Jirani yangu ni mama mmoja wa Kiislamu anayeuza mchele na viungo kwenye kibaraza chake. Ukoo wake umefanya biashara kando ya barabara hii tangu enzi za mababu, na hana tabia ya kuzungushazungusha maneno. Siku moja nilimwomba anibipu, nione kama simu yangu inaita. Akabonyeza ya kwake, ya kwangu ikalia kiganjani. Akasema nzima. Wiki iliyofuata nikamwomba tena. Mara ya tatu hakuishika hata simu yake, aliendelea kupepeta mchele. "Ile simu nzima, Karani," akasema. "Tatizo si simu." Nilirudi ndani nikiwa na hasira naye, ingawa alikuwa hajakosea.

Simu hiyo ilikufa maji. Kwetu maji ya bomba huja kwa zamu, na siku yakija kila mtu yuko kwenye mapipa. Nilikuwa nimeinama kulichungulia pipa limefikia wapi, simu ikateleza kutoka mfuko wa shati ikazama. Niliiona imelala chini kule, taa yake bado inawaka. Mtu mwingine angeingiza mkono mara moja. Mimi nilisimama kwanza nikaitazama, na niseme ukweli, nilijisikia kama mtu aliyeletewa ruhusa ya likizo. Nilipoitoa ilikuwa imeshazima.

Mwezi wa sita binti yangu akaja likizo. Alinikuta sina simu wiki ya tano, na kwamba hakuwa amejua mpaka wiki ya nne ni jambo ambalo hatukulizungumza. Alisema tutoke tukanunue nyingine, zawadi kutoka kwake. Tukaenda kwenye duka moja karibu na stendi, la kijana wa Kichaga mwenye maneno mengi. Alitandika simu za kupangusa juu ya kioo, kubwa na ndogo, akawa anazisifia kamera. Sina mtu wa kumpiga picha. Macho yangu yalikwenda kwenye kitu kingine kilichokuwa pembeni, chembamba, cheusi, kama simu lakini chepesi zaidi. Nikauliza hicho ni nini.

Akasema hicho kilikuja kwenye mzigo wa vitu vilivyotumika kutoka nje, na hakuna aliyekitaka. Si simu. Ni cha kusikilizia miziki na vipindi. Hakina mahali pa laini, kinatumia waifai tu: unakwenda penye waifai, unapakua vitu vyako, unarudi kusikiliza nyumbani.

"Na mtu akinipigia?" nikamuuliza.

"Hapo hakuna wa kukupigia, mzee."

Alilisema kwa kunionya, nisije kumrudishia kesho. Lakini mimi moyo ulitulia palepale. Nilikuwa nimekaa zaidi ya mwaka mzima na kitu ambacho kila siku, kwa kunyamaza kwake, kilikuwa kinaniambia hakuna anayekutafuta. Hiki hakiwezi kuita. Hakiwezi kuniambia lolote. Nikikaa nacho jioni nzima bila mlio, hakuna mtu wa kulaumiwa, wala yeye wala mimi.

Nikasema nachukua hicho. Binti yangu akadhani natania. Nikamwambia simu ina gharama, bando kila wiki, vocha kila siku, hiki hakili kitu. Mwenye duka akacheka mpaka akashika kioo. Akasema ameuza simu miaka sita na leo ndiyo amemwona Mpare halisi, anayenunua kitu asichoweza kutumia kumpigia mtu ili asije akajisahau akampigia. Mimi nami nikamjibu kwamba Mchaga angenunua vyote viwili na kuvipangisha. Tukacheka. Utani ule ulinisaidia sana. Ubahili ni sifa yetu inayojulikana nchi nzima, na mtu akiutaja hakuna anayeuliza swali la pili. Ni heri kucheka na mtu bahili kuliko kukaa na mtu mpweke, maana huyo wa pili hujui umwambie nini.

Binti yangu hakucheka. Alikigeuza kile kifaa mara mbili, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akalipa. Njiani alitangulia hatua chache mbele yangu, nami nikadhani ni jua.

Kabla hajaondoka alinifungulia anwani ya barua pepe, akanifundisha kuisoma kwenye kile kifaa, na kupokea sauti ambazo angekuwa akinirekodia. Kwa jambo la haraka tukakubaliana apige kwa mama jirani. Waifai nikaipata kwenye nyumba moja ya wageni huku barabarani, ambako neno la siri lilikuwa limebandikwa ukutani juu ya sinki. Kila Jumamosi saa nne nilikuwa nakwenda. Naagiza chai ya maziwa na chapati, nakaa kwenye meza ya kona, napakua: mahubiri, kwaya, masomo ya historia, vitabu vinavyosomwa kwa sauti, hata mijadala ya zamani ya bunge ambayo mke wangu angenikimbia kwayo. Binti naye alikuwa anatuma, mara dakika tatu, mara dakika tano, anasimulia wodi yao na baridi ya kule. Narudi nazo nyumbani, nazisikiliza wiki nzima.

Nilikipenda kile kifaa. Sitaki kudanganya kwamba nilijuta mapema. Kwenda kuchukua kitu si sawa na kukaa ukikingoja. Nikikuta sauti ya binti, nafurahi. Nikikuta hakuna, naulaumu mtandao wa nyumba ya wageni, ambao kweli ulikuwa mbovu, na mtu wa mapokezi ananiunga mkono. Nilianza kulala vizuri. Nilianza kusahau siku ngapi zimepita.

Halafu ikaja Jumamosi moja ya mwezi wa tisa. Nilikuwa nimeshamega chapati. Kulikuwa na ujumbe mmoja tu wa binti, wa maandishi. Aliandika kwamba tumbo limemshika tangu usiku, wamempima wamekuta ni kidole tumbo, wanampasua leo saa nane. Amempigia mama jirani mara nyingi hapatikani. Mwisho akaandika: "Nilitaka tu kusikia sauti yako kabla sijaingia, Baba."

Leo hiyo ilikuwa Jumanne, nami niliusoma Jumamosi.

Nilijibu palepale, vidole vinakosea herufi, nikamuuliza kama yuko hai. Nikakitazama kile kioo. Hakuna jibu. Nikamwomba mtu wa mapokezi simu yake nimpigie mwanangu, akanipa, nami nikasimama nimeishika kwa sababu namba sikuijua. Namba yake ilizama na ile simu kwenye pipa. Mimi niliyeandika kila kitu cha kila mtu miaka thelathini na moja sikuwahi kuiandika mahali popote namba ya mwanangu.

Jirani alikuwa amekwenda Kwakoa kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake tangu Jumatatu, na huko upande wa ziwani mtandao ni wa kubahatisha. Nilikwenda kukaa kwenye kibaraza chake. Nilikaa hapo kuanzia saa tano mpaka alasiri, mgongo kwenye mlango wake, watu wakipita wananiuliza kama sasa mimi ndiye muuza mchele. Niliomba. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sikumwambia wakati mke wangu anaumwa. Gari lilipomshusha jirani na mabegi yake hata kumsalimia sikumsalimia, nilimwomba simu.

Binti alipokea. Akasema yuko salama, ametoka hospitali jana, mshono hauumi sana. Nikasema pole mwanangu. Akasema asante Baba. Kisha, kwa kuwa simu ilikuwa ya mtu, nikaaga. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Ningependa angeuliza.

Mtu atasema ningenunua simu kesho yake. Nililifikiria hilo, nikafika hata mlangoni kwa yule kijana wa stendi. Lakini sauti za binti zilikuwa zimekatika, hakuna iliyokuja Jumamosi ile iliyofuata wala ile nyingine, na mtandao ulikuwa mzuri. Nikajiambia, nikiwa na simu sasa na asipige, sitakuwa tena na pa kujificha. Nikageuza nikarudi nyumbani.

Desemba watu wa milimani tunarudi kwetu, na ukoo wetu hukaa kikao siku ya pili baada ya Krismasi. Mwenyekiti ni dada yangu mkubwa, ambaye hajasoma sana lakini angekuwa hakimu mzuri kuliko baadhi ya niliowaandikia. Katibu ni mimi, tangu ujana. Tulikaa kwenye uwanja wa nyumba yake pale Suji, sufuria la makande linachemka nyuma yetu, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Agenda zilikuwa jiwe la mpaka, zamu za mfereji, ada ya mtoto mmoja yatima, na mengineyo. Kwenye mengineyo binti yangu akasimama. Alikuwa amekonda. Akamsalimia mwenyekiti, akawasalimia wazee, akasema ana shauri dhidi ya baba yake.

Watu wakadhani ni mzaha. Kwetu si ajabu mtoto kumpeleka mzazi mbele ya ukoo, ni heshima kuliko kumbishia nyumbani, lakini binti yangu hakuwa mtu wa namna hiyo. Mimi nilikuwa nimeshikilia kalamu. Alieleza duka, vifaa viwili, na nilichochagua. Alieleza upasuaji bila kuupamba. Kisha akasema, nami nikaandika neno kwa neno kwa sababu mkono wangu haujui kufanya vingine:

"Aliwekewa mbele yake kitu kinachopigika na kisichopigika. Akachagua kisichopigika, na mimi nipo. Nataka ukoo umuulize alikuwa anamkimbia nani."

Dada yangu akanigeukia. Akasema, "Andika kwanza, halafu ujibu."

Nikaandika. Nikaweka kalamu chini ili nijibu, na jibu nilikuwa nalo. Ningesema: simu yangu ilikuwa haiiti. Lakini hilo si utetezi, hilo ni shtaka. Ningekuwa namwambia kila shangazi na kila binamu aliyekaa pale kwamba huyu msichana, baada ya kumzika mama yake, alimsahau baba yake. Na ningeliandika mimi mwenyewe. Daftari la ukoo wetu halifutwi. Humo mna mjomba mmoja wa baba yangu aliyesogeza jiwe la mpaka hatua tatu, amekufa zamani, na vitukuu wake bado wanakumbushwa kila kikao.

Nikasema ni ubahili. Nikasema nilikwepa gharama ya bando, na kwamba sikufikiria mambo ya ugonjwa. Niliandika hivyo pia: mlalamikiwa amekiri. Watu wakacheka kicheko cha kutukana kidogo, mdogo wangu akatikisa kichwa, na shangazi mmoja akasema kwa Chasu, lugha yetu, neno ambalo sitaliandika hapa. Dada yangu hakucheka sana. Akatoa uamuzi ninunue simu kabla ya mwezi wa kwanza kwisha na nilete debe la maharage kikao kijacho kama faini. Makande yakapakuliwa. Niliona aibu, lakini nilikula.

Mchana ule binti akanifuata akaniambia twende tukapalilie kwa mama. Kaburi liko chini kidogo ya nyumba yetu, unateremka ngazi za udongo. Tukaanza kung'oa magugu, yeye upande wa kichwani, mimi upande wa miguuni.

Akaanza yeye. Alisema mama jirani amemwambia kwamba kila Jumamosi nakunywa chai ya maziwa na chapati kwenye nyumba ya wageni. Nikasema ndiyo. Akasema ile chai na chapati ni zaidi ya bando la wiki. Nikaendelea kung'oa.

"Baba, wewe si bahili," akasema. "Umeandika uongo kwenye daftari la ukoo."

Katika maisha yangu nimewaona mawakili wakubwa kutoka Moshi na Arusha, na hakuna aliyenibana namna ile. Mikono yangu ilikuwa na udongo, sikuweza hata kujifuta uso. Nikamwambia. Nikamwambia simu ilikuwa haiiti. Nikamwambia nilichoka kungoja anipigie, nikaona afadhali nisiwe na kitu cha kungojea. Nikasema pia kwamba simlaumu, nikijua kabisa kwamba nilikuwa namlaumu.

Aling'oa mzizi mmoja mrefu, akautikisa udongo, akauweka pembeni. Kisha akasema akiwa hanitazami:

"Nilikuwa naogopa kupiga. Nikipiga, mlio wa kwanza hauishi umeshapokea. Asubuhi, mchana, jioni, siku zote. Nikajua umekaa umeishika. Tukimaliza nakuona unairudisha mezani unaanza upya kungoja. Nilikuwa naingia chumba cha kubadilishia nguo, nalia, nanawa, narudi wodini. Ikafika mahali nikaona rahisi nisipige."

Sikuwa nimelijua hilo. Nilijiona nimekuwa mwepesi tu, mtu wa adabu asiyemkalisha mwingine kwenye simu. Nilikumbuka mara zote zile nilizosema "haloo" kabla hata sijaiweka vizuri sikioni, na furaha niliyodhani ni yangu peke yangu, kumbe huko upande wa pili ilikuwa inamfikia kama mzigo. Nilitaka kumwomba msamaha na sikujua nimwombe kwa lipi. Nikasema tu kwamba nitaiacha iite kidogo. Akacheka na machozi yakamtoka kwa pamoja, akanipangusa udongo shavuni kwa upande wa mkono wake uliokuwa safi. Tukamaliza kupalilia.

Nilinunua simu wiki ya kwanza ya Januari. Nilinunua na daftari dogo, nikaiandika namba yake ukurasa wa kwanza, nikaiandika tena nyuma ya mlango kwa chaki. Yule kijana wa stendi aliniuliza kile kifaa kimekufa? Nikamwambia hapana, ni mimi nimehukumiwa.

Alipiga Jumapili ya pili, saa kumi jioni. Nilikuwa sebuleni tangu nilipotoka kanisani, na simu ilikuwa mezani, hatua moja kutoka kwenye goti langu. Ikaita mlio wa kwanza. Nikaweka mikono chini ya mapaja, nikaikalia. Ukaja wa pili. Nilikuwa sijui kwamba katikati ya mlio na mlio pana nafasi kubwa namna ile. Wa tatu ulipokuja niliogopa atakata, atadhani sipo, atadhani nimeanguka bafuni. Nilisubiri ukaisha. Kwenye wa nne nikapokea, nikahema kidogo kama mtu aliyetoka nje.

"Baba, shikamoo. Ulikuwa wapi?" Sauti yake ilikuwa nyepesi, ya furaha, sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu mama yake akiwa hai.

Nikaitikia marahaba. Nikamwambia nilikuwa barazani na wastaafu wenzangu, tunabishana mambo ya mpira, kelele nyingi, sikuisikia simu.

"Afadhali, Baba," akasema. "Wasalimie hao wenzako."

Nikavitazama viti vingine vya sebuleni, vyote vitatu, na vitambaa vyake vya kufuma ambavyo hakuna mgeni aliyevikalia tangu msiba. Nikamwambia salamu zimefika.